Mwanga wa Jiwe Jeupe

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alikufa na shule yangu ikaishia hapo. Nilikuwa darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie maneno makubwa. Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu, na yale niliyofundishwa nitasema nimefundishwa na nani.

Tulikuwa Kivu ya Kusini, upande wa milimani. Mdogo wangu alikuwa bado mgongoni kwa mama. Matanga yalipokwisha niliwafuata wanaume mtoni kuosha mchanga wa dhahabu, na nilipopata mabega wakaniingiza shimoni. Mdogo wangu naye alipopata yake alinifuata. Shimo lilitulisha sisi wawili na mama, kiisha likamchukua mdogo wangu. Miaka yote habari hiyo niliikata hapo hapo. Mtu akiuliza alikufaje, nilijibu: shimoni. Basi.

Dhahabu ya kule inakaa ndani ya jiwe jeupe. Mlima wote ni mweusi au mwekundu, lakini ndani yake kuna mshipa mweupe kama mafuta kwenye nyama, na ule ndio unaufuata. Wengine huliita jiwe la kioo. Sisi tulisema jiwe jeupe tu. Siku ya kwanza mtu akiingia shimoni, yule aliyemleta alimpa mawe meupe mawili, kila moja ukubwa wa yai. Uliyaweka mfukoni, hukuyaazima kwa mtu, hukuyaacha nyumbani. Kazi yake ilikuwa hii: tochi yako ikizimika chini kule, hupigi kelele. Kelele ndani ya shimo inazunguka, mwenzako hajui imetoka fasi gani, tena inaweza kuangusha vumbi na vumbi likaita mawe. Unakaa chini, unatoa mawe yako, unayasugua kwa nguvu, moja juu ya lingine. Yanawaka.

Simaanishi cheche kama za chuma. Jiwe lenyewe linawaka ndani, mwanga wa njano uliofifia, unakuja na kuondoka na mkono wako, na kunabaki harufu kama ya ukucha ulioungua. Huwezi kuonea njia kwa mwanga huo. Lakini wenzako wanakuona uko wapi, wanakuja kukuchukua.

Wakubwa wetu walitueleza kwamba jiwe jeupe lilikula jua zamani, kabla mlima haujalifunika, na sasa linalitoa kidogo kidogo. Niliamini hivyo mpaka nikazeeka. Ni maelezo mazuri, na ukiwa shimoni hauko na mwingine wa kuuliza.

Vita vilitutoa kule. Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, na mke, binti mmoja na ndoo. Nilipewa kiwanja cha nyumba na shamba dogo upande wa Juru, nikatazama mikono yangu, nikaona inajua kitu kimoja tu: kushuka ardhini na kupanda tena ukiwa mzima. Nikaanza kuchimba vyoo. Watu walicheka. "Muzee wa dhahabu sasa anachimba mavi!" Niliwaacha wacheke. Kila mtu anayekula ni mteja wangu. Nikachimba vya majirani, vya makanisa, vya shule, nikaitwa mpaka Mbarara mjini. Mashimo yangu hayajaanguka hata moja, kwa sababu najua udongo unaosema kweli na ule unaodanganya. Hakuna aliyenishika mkono. Nimejijenga mwenyewe.

Binti yangu aliolewa na kijana wa kwetu kwetu, aliyekuja kambini akiwa mdogo na kukulia hapa. Kijana mzuri, hanywi, anasali. Alikuwa na kibanda cha kuchaji simu kwa sola, hapo njiani kwenye soko. Walikuwa na mtoto mmoja, na binti alikuwa na mimba ya pili, imekwisha kuwa kubwa, wakati zile video zilipofika.

Nadhani wengi waliziona. Mtu ameshika mawe mawili meusi, anayagusanisha, cheche zinaruka. Mwingine anafunga waya kwenye jiwe na taa ndogo inawaka. Sauti inasema: hii ni Kongo, mawe ya Kongo yana umeme ndani, wazungu wanayaiba. Mukwe wangu alizitazama hapo kibandani mpaka betri ya sola ikaisha. Sola yenyewe ilikuwa imechoka, mawingu mawili tu na wateja wanarudi na simu zao zimekufa. Halafu akatokea rafiki yake mmoja aliyesema anajua mlima wenye mawe hayo, upande ule ule tulikotoka, na kwamba kuna mashimo ya zamani tayari, ni kuingia tu na kubeba.

Binti yangu alikuja kwangu asubuhi, ameshika mgongo.

"Papa, baba ya mtoto anasema anarudi Kongo."

"Kufanya nini?"

"Kuchimba mawe ya umeme. Anasema anakwenda miezi mitatu tu."

Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha mama yake akatazama miguu yake iliyovimba. Mimi nilijua mashimo ya zamani ni nini. Mbao zake zimeoza na maji yamekaa ndani ya ukuta. Anayeingia humo kwa kuwa tu mlango uko wazi anatolewa na wenzake, au hatolewi.

Sasa msomaji ataniuliza kwa nini sikwenda kumkataza. Sikuweza. Kwa kwetu mwanaume akishatoa mahari, baba mukwe hana tena mdomo juu yake. Humkemei, humpangii maisha, hamkai benchi moja. Ukiwa na neno juu yake unalipitisha kwa mtu wa katikati. Ukivunja hilo unatoa mbuzi, mbuzi anachinjwa, na mbele ya watu wote inasemwa kwamba fulani ameshindwa kufunga mdomo wake. Mimi nimezeeka sijawahi kusemwa hivyo.

Basi nikamtuma jirani yangu, mzee wa kanisa, mtu wa maneno mazuri. Alikwenda baada ya ibada. Alirudi amechelewa, anatabasamu.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Nimemwambia yote. Alinisikiliza na heshima mingi. Halafu akanionyesha video."

"Na wewe?"

"Ndugu yangu, ile jiwe inawaka kweli. Nimeona na macho. Kama si hili goti langu..."

Nilimtuma akamzuie, akarudi anataka kwenda naye! Nilimfukuza kwa utani lakini moyo haukucheka.

Ndipo nikamkumbuka madamu wa Nyamitanga. Ni mwalimu wa sayansi katika shule moja kule, mwanamke wa hapo hapo Mbarara. Nilipochimba vyoo vya shule yao alikuwa akija kutazama mishipa ya udongo kwenye ukuta wa shimo na kuniuliza maswali. Niliwaza hivi: mukwe wangu anaheshimu simu, atamheshimu mtu aliyesoma. Nikapitisha neno kwa binti yangu kwamba nahitaji mtu wa kunibebea kamba mpaka Nyamitanga. Kubeba kamba kunaruhusiwa. Mukwe wangu alikubali haraka, na baadaye nilielewa kwa nini: naye alikuwa na maswali yake.

Tulikwenda, mimi kiti cha mbele na yeye nyuma, kama inavyotakiwa. Madamu alitupokea kwenye chumba chao cha sayansi, chenye makabati matupu mengi kuliko yaliyojaa. Nilitoa mawe meupe mawili niliyoyapata kwenye shimo la mteja wangu mmoja wa Juru, maana hata huku jiwe jeupe lipo. Nikamweleza habari ya kuyasugua. Nilimwambia pia habari ya jua lililoliwa.

"Mzee, hapo kwa jua nakataa," alisema. "Lakini mwanga uko kweli. Wewe umeona vizuri."

"Madamu, mimi sikungoja mtu aniambie kama nimeona vizuri."

"Eh! Mzee yuko mkali." Akacheka. "Kaa, nikuonyeshe."

Alileta kiberiti cha gesi, kile cha kubonyeza jikoni, akakifungua kwa bisibisi. Ndani akatoa kitu kama kipande cha kalamu chenye waya. Alisema humo mna nyundo ndogo sana na kipande cha jiwe. Hilo limepikwa kiwandani, si la kuchimbwa, lakini jiwe jeupe lina tabia hiyo hiyo, ila lenyewe hutoa umeme mdogo kuliko hilo. Akaunganisha waya na ile taa nyembamba iliyomo ndani ya tesita ya mafundi wa umeme. Akabonyeza. Tak! Taa ikamweka nyekundu na kuzimika. Hakuna betri, hakuna waya wa ukutani.

Nitaeleza alivyoeleza, kwa maneno yangu. Ndani ya jiwe jeupe vipande vidogo visivyoonekana vimekaa kwa mistari, kama watu waliopangwa kanisani, mwanaume, mwanamke, mwanaume, mwanamke, na kila upande hesabu iko sawa. Ukilibana jiwe, mistari inasogea. Wanaume wanasukumwa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Hapo upande mmoja wa jiwe unakuwa na umeme wa aina moja na wa pili una wa aina nyingine, na hizo mbili zinatafutana. Ukiachia, kila mtu anarudi fasi yake na umeme umekwisha. Ukilisugua mpaka likapasuka vipasuko vidogo, huko kutafutana kunatoa mwanga. Alisema hapo kwenye mwanga hata waliosoma sana bado wanabishana.

Si kila jiwe. Mengi hayana mpangilio huo. Lile jeusi la turmalini linao, tena ukilipasha moto linavuta majivu. Sukari inao. Chumvi hapana. Na lile jiwe jeupe ukilikata vizuri na kuligusa na umeme linatetemeka bila kukosea, ndiyo maana limewekwa ndani ya saa. Aliniambia nitazame saa ya ukutani. Kumbe miaka yote nimetazama saa na jiwe langu limo ndani!

Nilifurahi sana. Halafu nikamtazama mukwe wangu nikaona nimefanya nini. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyesomewa jina lake redioni.

"Madamu," alisema, "kwa hiyo jiwe iko na umeme."

"Jiwe haina umeme. Mkono yako ndio iko na nguvu. Jiwe inageuza."

"Lakini taa imewaka."

"Mara moja. Bonyeza tena, mara moja tena. Haina akiba, si betri. Unataka kuchaji simu moja? Tafuta kijiji kizima kije kugonga nyundo. Utawalisha nini?"

"Na ile ya video?"

"Banange! Ile jiwe iko na chuma, inapitisha umeme tu. Betri imefichwa fasi mkono haionyeshi."

Aliinamisha kichwa kwa adabu. Nilijua ameshika neno moja tu kati ya yote. Tulipotoka nje, kabla ya kufika barabarani, alimpigia rafiki yake simu, na kwa kuwa hakuweza kunikwepa nikasikia: "Mwalimu wa Uganda amesema ni kweli. Ya kule itakuwa na nguvu zaidi." Nilibeba kamba yangu mwenyewe mpaka kwenye stendi.

Siku ya soko iliyofuata binti yangu alikuja tena. "Papa, amekunja nguo. Wanaondoka kesho na lori ya viazi." Wakati huu alilia.

Nilimtuma mtoto wao akamwite baba yake shimoni kwangu, nilikokuwa nachimba, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja. Alikuja amevaa viatu vya safari tayari kwa kuvijaribu. Nilimwambia ashuke anishikie mbao. Alishuka. Shimo lilikuwa limepita urefu wa watu watatu, na kwenye ukuta mmoja mshipa mweupe ulikuwa umetokeza. Nilimwomba mjane afunike juu kwa mabati na mifuko, asiache tundu. Giza likaja, lile la kweli.

"Muzee, kuna nini?" aliuliza.

"Kaa chini."

Nilisikia akikaa. Hatukuwa na pa kukaa mbali, magoti yetu yaligusana, mimi na mukwe wangu, mambo ambayo hayafanyiki. Nilivunja vipande viwili ukutani nikaanza kusugua. Mwanga ukaja. Aliguna.

"Umeona?"

"Naona, Papa. Ni muzuri."

"Uso wangu unauona?"

"Hapana."

"Mbao umeziona? Ngazi umeiona?"

"Hapana."

"Huo ndio umeme wa mlima wetu wote, kijana. Sasa nyamaza nikwambie habari ya mdogo wangu."

Nikamwambia. Kwamba tulikuwa watu sita kwenye shimo la zamani ambalo wengine walikuwa wameliacha, na tuliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Kwamba mdogo wangu alikuwa mbele kwa sababu alikuwa mwembamba, na paa likashuka katikati yetu, yeye upande ule, sisi upande huu. Mawe yaliyotuzuia yalikuwa makubwa lakini kati yao palibaki ufa, kama upana wa kiganja. Tukaita. Hakujibu, maana alifundishwa asipige kelele, na mimi ndiye niliyemfundisha. Tukazima tochi zetu zote. Tukaona kwenye ufa: njano, giza, njano, giza. Anasugua.

Tukachimba. Mikono ikatoka damu. Kila mara tulipopumzika tulizima tochi, na yeye anasugua, na mimi nasugua yangu ili naye atuone. Hivyo ndivyo tulivyozungumza. Baadaye mwanga wake ulianza kukawia. Ilikuwa njano moja, halafu giza refu, halafu njano. Jiwe halikuwa limechoka. Jiwe haliko na la kuchoka. Mkono ndio ulichoka. Tulipomfikia mawe yalikuwa bado mikononi, yamelika yakawa membamba kama sabuni ya mwisho.

"Madamu alikwambia jiwe linageuza nguvu ya mtu," nikasema. "Mimi nimeliona likiimaliza. Ukienda, wewe ni mjinga, na mimi ndiye ninayekuita hivyo, baba mukwe wako, kwa mdomo wangu, bila mtu wa katikati. Na binti yangu hatakaa hapa akingoja njano."

Nilisikia viatu vyake vya safari vikisogea kwenye udongo. Halafu akasema polepole:

"Papa, umenikemea."

"Nimekukemea."

"Na umeniita mujinga."

"Nimekuita. Nikuite tena?"

"Hapana. Moja inatosha mbuzi."

Sikujua kama ni kucheka au nini. Alitafuta ngazi kwa mikono, akapanda, akasukuma mabati, jua likaingia likaniumiza macho. Hakuniambia kama anakwenda au anabaki. Usiku ule sikulala na sitasema nililala. Asubuhi lori la viazi lilipita nyumbani kwangu. Juu ya magunia niliona mtu mmoja, rafiki yake. Mpaka leo ninapoandika, simu ya rafiki yule haipatikani, na mama yake ananiuliza kila Jumapili kama kwenye mashimo kuna mtandao. Namwambia huwa hakuna. Ni kweli, huwa hakuna.

Mbuzi nilitoa. Nilichagua mkubwa ili watu wasiseme nimekuwa mbahili pia. Alichinjwa uwanjani kwangu, na yule mzee wa kanisa wa goti bovu ndiye aliyesimama kutangaza kwamba mimi nimeshindwa kufunga mdomo wangu juu ya mukwe. Alitangaza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Watu walipiga makofi. Mukwe wangu alikula kichwa, kama haki yake. Binti alijifungua mtoto wa kiume na wakamwita kwa jina la mdogo wangu, ambalo siliandiki.

Kibanda cha kuchaji bado kipo, siku za jua. Siku za mawingu mukwe anachimba na mimi. Anaharakisha mno na hapendi kuweka mbao, nagombana naye kila siku, na kwa kila ugomvi anahesabu mbuzi kwa vidole, lakini hajadai wa pili.

Leo niko na vitu hivi: nyumba ya tofali yenye vyumba viwili na mabati ambayo hayavuji. Shamba la mahindi na maharage, na migomba kando yake. Mbuzi wanne. Baiskeli. Sururu tatu, majembe mawili, nyundo kubwa moja, kamba ndefu mpya, ndoo za chuma, kofia mbili ngumu. Redio. Saa ya ukutani. Mke, binti mmoja, mukwe mmoja, wajukuu wawili. Mguu wa kushoto unauma wakati wa mvua. Vingine sina.